Bahasha Iliyopigwa Pasi

Kambove, tarehe 10 Februari 1952

Kwa Djuma Sefu, fundi cherehani, Cité Albert, Élisabethville

Ndugu yangu Djuma,

Bahasha ya Uswisi imefika, na safari hii stempu iko mahali pake. Nimefurahi mpaka nimesahau kukutukana. Madeleine alinishika kidole akakitembeza juu yake: hapa meno ya stempu, hapa muhuri wa posta, hapa anwani ya mtu tusiyemjua. Juu ya stempu yuko mzee Pestalozzi, mwalimu aliyekusanya watoto yatima na maskini akawafundisha, wakati wakubwa wa siku zake waliona hao ni watoto wa kuchunga mbuzi tu. Nimemlaza sandukuni pamoja na wenzake. Sasa ninazo bahasha kumi na moja.

Nakukumbusha tena kwa sababu nakujua. Mimi sikusanyi stempu, nakusanya bahasha. Bahasha nzima, na muhuri wake, na anwani yake, hata ikiwa na doa la chai. Usiloweke kitu. Yule Pestalozzi wa kwanza uliyemwogesha kwenye beseni mpaka akabanduka, ukaniletea kipande cha karatasi ukisema "ameisha kutakata," bado namlilia.

(Mimi mke wake ninayeandika nasema: halii hata kidogo. Anawasimulia wageni habari hiyo na kucheka mpaka anashika mbavu. Madeleine.)

Watu hapa Kambove wananiuliza kipofu anataka nini na bahasha. Nawajibu kwamba nilipokuwa nalinda mifuko ya barua kwenye treni ya Bukama nilizipenda kwa macho. Sasa ni miaka mitatu tangu ugonjwa uyazime, nami nazipenda kwa ajili ya watu walio juu yake: walimu wa yatima, walimu wa viziwi, walimu wa vipofu. Hao wote waliambiwa wanapoteza muda wao. Mimi pia naambiwa hivyo, basi tunakaa vizuri pamoja.

Sasa sikia habari kubwa. Hapa misioni kuna Maseri Angélique, sista mpya kutoka Ulaya, ananifundisha maandiko ya nukta. Aliyeyatunga ni Louis Braille. Baba yake alikuwa fundi wa ngozi. Mtoto alichezea chombo cha kutobolea kikamchoma jicho, kisha na la pili likafa. Alipokuwa kijana tu akatengeneza nukta sita zinazosomwa kwa vidole. Kuna watoto wanne vipofu hapa Kambove ambao kazi yao ni kukaa mlangoni. Mupe, padri mkubwa wa misioni, amesema hivi: tarehe 1 Septemba, mbele yake na mbele ya inspekta, nikisoma ukurasa ambao sijawahi kuugusa, darasa la hao wanne litafunguliwa, na mwalimu nitakuwa mimi. Nikishindwa, basi. Maseri anarudi kwao Oktoba na ubao wake wa kutobolea unarudi naye.

Djuma, mwaka huu ni miaka mia moja tangu Braille afe. Maseri amesikia kwamba huko Ulaya wametoa bahasha ya kumbukumbu yenye maandiko hayo juu yake. Nyumbani nina karatasi moja tu ya kujisomea, nyingine haziruhusiwi kutoka kwa Bamaseri. Nitafutie bahasha hiyo. Nataka nisome kitu kilichotoka mbali, ambacho hakuna aliyeniambia kinasema nini.

Ndugu yako,
Rigobert Kalaba

*

Élisabethville, tarehe 2 Machi 1952

Yaya Rigobert,

Mwogeshaji wa Pestalozzi anakusalimu wewe kaka yake mkubwa. Anamsalimu pia shemeji Madeleine, ambaye najua anasoma barua hii kwa sauti na kuongeza maneno yake.

Wewe mwalimu! Nimewaambia watu wote wa barza yangu. Mzee Bahati, muuza kahawa, amesema mtu aliyelinda mifuko ya barua miaka kumi na tano bila kufungua hata moja anastahili kufundisha, maana ana subira.

Kuhusu bahasha, nimempata mtu. Anaitwa Lucien, karani katika duka la Mgiriki mmoja hapa mjini, kijana wa miwani na tai, anayeandikiana na wapenda stempu wa Paris na Brussels. Alikuja nimpunguzie suruali, nikamsimulia habari zako. Akavua miwani, akaifuta, akasema: "Muntu haone, na anakusanya enveloppe? Ule njo collectionneur, mukusanyaji wa kweli. Shiye bengine tunacheza tu." Ameahidi kuandika Paris. Malipo yake ni koti moja, mshono wa kisasa, mabega mapana. Nimekubali.

Na usinifundishe usafi. Mimi kitu kilichokunjamana hakitoki mikononi mwangu, hata kiwe leso.

Mdogo wako,
Djuma

*

Élisabethville, tarehe 19 Juni 1952

Yaya Rigobert,

Shemeji, mwambie akae chini kabla hujaendelea kusoma.

Ameketi? Haya. Tumeipata!

Lucien aliniletea jana, kazi za Idi zikiwa zimenikaba shingo, kanzu kumi na nne zinasubiri vifungo. Nikaziacha zote. Stempu ni ya Ufaransa, ile yenye uso wa Louis Braille mwenyewe. Muhuri umegonga kona tu, haukumpaka mtu wino usoni. Kushoto kuna picha ya kitabu kilichofunguliwa, na ndani ya kitabu yako maandiko yenu ya nukta. Nimezihesabu, ni arobaini na mbili, hakuna iliyopotea njiani. Lucien anasema bahasha hii kipofu anaisoma kwa kidole bila kumuuliza mtu.

Ilikuwa imesafiri vibaya, maskini, imechoka kama abiria wa daraja la tatu. Lakini ilipitia kwangu kwanza. Usiulize nilifanya nini, fundi hatoi siri ya kazi. Utaipokea imenyooka kama kanzu ya Idi, nawe utasema: kweli Djuma amejifunza.

Nimeiweka katikati ya mbao mbili nyembamba na kuifunga kwa uzi wa turubai. Hata treni ikianguka, Braille hataumia.

Soma, Yaya, halafu uniambie inasema nini. Sikulala kwa hamu.

Djuma

*

Kambove, tarehe 6 Julai 1952

Ndugu Djuma,

Bahasha imefika. Nakushukuru sana kwa taabu yako, na Bwana Lucien pia. Ni nzuri. Nimeisoma, inasema mambo mazuri juu ya Louis Braille.

Baridi ya mwaka huu ni kali. Watu wa nyumbani ni wazima.

Rigobert Kalaba

*

(Karatasi ndogo ndani ya bahasha hiyo hiyo)

Shemeji Djuma,

Hii nimeichomeka mwenyewe baada ya kumaliza barua yake. Hajui.

Hakusoma kitu. Bahasha ilipofika alinawa mikono kwa maji ya moto, akajifuta, akakaa mezani kama mtu anayengoja Komunyo. Akapapasa. Akapapasa tena. Akaniuliza: "Madeleine, biko wapi?" Nikamshika kidole nikakiweka juu ya zile nukta nyeusi za kitabu. Nikamwambia: "Biko hapa, chini ya munwe yako. Minabiona." Akapita juu yake mara nne, tano. Akanawa mikono tena. Mimi mkewe, kwa ujinga wangu, nikazidi kumwambia biko hapa, biko hapa.

Halafu akaniambia pole pole: "Ile karatasi ya nyumba ninayiyua kwa kichwa. Pengine sikukuwa nasoma. Pengine nilikuwa nasali tu."

Shemeji, mchana anasuka viti vya mwanzi, na sasa anasema mwanzi umemuua vidole. Maseri Angélique yuko Jadotville anatibiwa, hatarudi kabla ya Agosti, hakuna wa kumuuliza. Hagusi tena karatasi. Sanduku la bahasha amelifunga kwa kamba, ameniambia nitafute mtu wa kumpa. Wale watoto wanne walikuja Jumapili kumsalimu, akajifanya amelala. Nilimwona, alikuwa amefumba kwa nguvu macho yasiyoona.

Ameniambia nimwandikie Mupe kwamba Septemba asimngoje. Nimeandika neno kwa neno alivyosema, nikaifunga barua mbele yake, nikaitia chini ya godoro. Nimekuwa mkono wake miaka mitatu na sijawahi kumfanyia hivi. Sijui kama nimekosa.

Nisaidie kufikiri. Na usimwambie nimekuandikia.

Madeleine

*

Élisabethville, tarehe 17 Julai 1952

Kwa Yaya Rigobert na shemeji Madeleine, wote wawili

Shemeji, soma kwa sauti na usiruke hata neno. Najua ulitaka iwe siri. Nisamehe, siri yako naivunja ili nivunje na yangu. Mficha uchi hazai.

Yaya, vidole vyako ni vizima. Ni mimi.

Nilipopata barua zenu nilimkimbilia Lucien dukani, sindano bado ziko kifuani mwangu. Nikamwambia ndugu yangu ameshindwa kusikia nukta nyeusi. Akanitazama kama mtu anayemtazama mlevi. "Ile ya noir ni picha tu, Djuma! Ni wino! Écriture yenyewe iko chini, mistari mbili, haina rangi. Inanyanyuka kwa karatasi. Ulibiona?"

Nikamwambia chini hakukuwa na maandiko, kulikuwa na vipele. Karatasi ilifanya vipele vipele kama ngozi ya mtoto mwenye surua, mistari miwili, nikajua ni unyevu wa meli.

"Na ulibifanya nini, bile bipele?"

Yaya, nilitandika kitambaa chenye maji. Nikajaza makaa. Nikaipiga pasi ile bahasha mbele na nyuma, pole pole, kwa upendo, mpaka kipele cha mwisho kikalala. Nilijisifu peke yangu. Nilimwita Mzee Bahati aje aone ilivyonyooka.

Lucien aliketi juu ya gunia la mchele. "Weye ulipiga Louis Braille fero," akasema. Halafu akacheka mpaka yule Mgiriki akatoka nyuma kuuliza nani amekufa. Mimi sikucheka. Mimi niliyesoma chuo cha Kurani, niliyechapwa na mwalimu kwa sababu ya nukta moja chini ya be, ndiye nimezifuta zako zote. Na zile nyeusi nilifikiri unazisikia kweli, maana tangu utoto naambiwa kipofu anasikia hata rangi ya kitambaa. Niliona haya mpaka machozi yalinitoka barabarani, mtu mzima na futi yangu shingoni.

Sasa tazama nilichofanya. Pamoja na bahasha ile Paris walimtumia Lucien kikaratasi chenye alfabeti nzima ya Braille. Nimekiazima siku tano. Nimechukua kadibodi ya ndani ya jora la khaki, nikaipiga mistari ya chaki kama napima kola, nikavaa subana kidoleni, nikatoboa kwa sindano nene ya turubai, kutoka upande wa nyuma. Lucien alinionya kwamba kwa nyuma lazima niandike kuanzia kulia kwenda kushoto, na kila herufi niigeuze. Alidhani nitashindwa. Kuanzia kulia kwangu ni njia ya nyumbani, na kugeuza ndiyo kazi yangu ya kila siku, nguo yote hushonwa ndani nje.

Kadibodi iko humu. Ina mistari mitano. Shemeji hajui inasema nini, Lucien sikumwonyesha, hata mke wangu Sofia hajui. Ni jambo ambalo sijamwambia mtu tangu mwaka 1934. Huwezi kulikisia, huwezi kulisali. Ukilisoma, umelisoma.

Ukilijua utanichukia kidogo. Basi, nichukie. Soma tu.

Djuma

*

Kambove, tarehe 27 Julai 1952

Shemeji Djuma,

Leo naandika mwenyewe, kwa jina langu, kwa sababu mume wangu amekataa kusema neno la barua. Kila akianza anacheka. Sasa hivi yuko nje anamsimulia jirani kwa mara ya tatu.

Barua yako ilipofika nilisoma yote kwa sauti kama ulivyoagiza, hata pale kwenye siri yangu. Rigobert alisikiliza. Hakuniuliza juu ya karatasi ndogo. Alipapasa tu mpaka akaupata mkono wangu, akaukamata, tukaendelea hivyo mpaka mwisho. Ulipotaja pasi alisema "Mungu wangu" taratibu sana. Kisha akasema: "Leta ile kintu."

Nikampa kadibodi. Aliishika kinyume, nikataka kumgeuzia, akasema: "Acha. Usiniguse, usiniambie." Nikaweka mikono chini ya mapaja.

Akaanza. Alisema "Ri," akamaliza jina lake. Nikafikiri jina lake mtu yeyote anaweza kulikisia. Naye alifikiri hivyo hivyo, nilimwona usoni. Akashuka mstari wa pili. "Ki. Ta. Mba." Akarudi nyuma. "Kitambaa. Kitambaa gani?"

Akaendelea. Mara mbili alisema, "Hapa amekosea, amegeuza," akasahihisha bila kukasirika, kama mwalimu na daftari la mtoto. Mstari wa tatu alikaa muda mrefu. Maji yalichemka jikoni yakakauka, sikuinuka. Halafu kidole kikashuka mpaka mwisho wa mstari wa tano, mdomo ukafunguka.

"Mwizi!"

Nilishtuka. Akapiga meza. "Mwizi ule! Madeleine! Suti yangu ya ndoa! Kitambaa kilibakia! Alinidanganya kinaisha, akajishonea kizibao!"

Akasoma tena toka juu, kwa sauti kubwa, kila neno, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni: "Rigobert, kitambaa cha suti yako ya harusi kilibaki. Nilikuambia kimeisha. Nilijishonea kizibao." Majirani walikuja mbio wakidhani tumeibiwa. Naye anawaambia: "Ndiyo, tumeibiwa! Mwaka 1934! Nimesoma mwenyewe!"

Shemeji, kumbe! Ndiyo maana mikono ya koti ilikuwa mifupi. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliwaambia watu wote kwamba bwana harusi ameongezeka urefu kanisani. Nimeishi na aibu ya viwiko vile miaka kumi na nane. Sijawahi kufurahi hivi kwa sababu ya wizi.

Ile barua ya Mupe nimeitoa chini ya godoro, nikamwambia, nikaiwashia jiko mbele yake. Alisema moto unanukia vizuri.

Kamba ya sanduku ameikata. Ile bahasha yako ya pasi ameiweka juu kabisa, hataki itupwe. Anasema Braille wako kwa maelfu duniani, lakini aliyepigwa pasi ni mmoja tu, na yuko Kambove.

Njoo siku moja ule ugali wetu. Uje bila kizibao.

Madeleine

*

Élisabethville, tarehe 12 Agosti 1952

Yaya, shemeji,

Barua yenu nimeisoma barzani mbele ya watu, nikakiri hadharani. Mzee Bahati anasema fundi asiyebakiza kitambaa hajazaliwa, ila aliyekiri ni mimi wa kwanza. Kizibao bado ninacho. Tumbo langu lilikikataa zamani.

Lucien amesikia kwamba bahasha iko juu kabisa ya sanduku, akakasirika kwa wivu. Eti wapenda stempu wa Ulaya wanagombania vitu vyenye kosa kuliko vilivyo sawa. Kama ningejua ningekosea zaidi.

Nimenakili kile kikaratasi cha alfabeti, nimekibandika ukutani juu ya cherehani. Sasa nukta nazisoma kwa macho, pole pole, kama mtoto wa chuo. Basi ukipata ubao wa Maseri, usimsumbue shemeji kila mara. Niandikie mwenyewe. Hapa barzani hakuna mwingine anayejua kusoma hivyo, siri yako itakuwa salama kuliko benki.

Tarehe moja Septemba sitashona. Nitakaa tu.

Djuma

*

Kambove, tarehe 5 Septemba 1952

(kwa nukta, karatasi tatu)

Djuma,

Barua hii nimeitoboa mwenyewe. Maseri amerudi, ameniazima ubao. Madeleine anaona natoboa. Hajui ninasema nini.

Nilisoma. Ukurasa mzima. Inspekta aliuchagua mwenyewe, Maseri akautoboa asubuhi ile ile mlango ukiwa umefungwa. Ulikuwa habari ya nyuki. Nilikosea mahali pawili, nikarudi, nikasahihisha. Nilipomaliza nilisikia viti vikisogezwa. Nilidhani wameondoka. Halafu Mupe akasema: "Mwalimu, utaanza Jumatatu."

Ndugu yangu, nilisikia neno hilo, nikageukia dirishani.

Watoto wanne walikuwa nje ya dirisha. Walipiga kelele mpaka inspekta akaomba maji. Nimewaahidi kwamba kila Ijumaa nitafungua sanduku, bahasha moja ipite mkono kwa mkono, nami niwasimulie mtu aliye juu yake. Mdogo wao, Albertine, ameuliza kama siku moja na yeye atawekwa juu ya bahasha. Nimemwambia kwanza ajifunze herufi a.

Sasa jambo langu. Hili ndilo limenifanya nitoboe tangu jana.

Miaka mitatu kila neno langu limepita mkononi mwa Madeleine. Nikitaka kumlalamikia, lazima aandike yeye. Nikitaka kumsifu, anaandika huku anaona haya, na mengine anayaruka, najua. Sijapata nafasi ya kumwambia mtu hata mmoja kwamba nampenda mke wangu, kwa sababu mwandishi wangu angekataa.

Basi nakwambia wewe. Nampenda. Macho yangu yalipokufa kaka zake walikuja kumchukua arudi kwao. Aliwapikia, akawashibisha, akawasindikiza kituoni, akarudi. Anadhani nilikuwa nimelala.

Nishonee gauni lake. Rangi ya bluu iliyoiva, ile anayoipenda. Mikono mirefu, maana asubuhi za hapa ni za baridi. Asijue mpaka siku ya kulivaa.

Vipimo viko kwenye uzi uliofungwa humu. Fundo la kwanza ni bega hadi bega. La pili kifua. La tatu kiuno. La nne urefu. Sina futi, na nisingeweza kumwambia asimame nimpime. Nilimkumbatia siku ile niliporudi na habari ya Mupe, nikampima kwa mikono, halafu nikaenda nje kufunga mafundo kabla sijasahau.

Aliniuliza mbona leo nimemshika muda mrefu hivi. Nikamwambia ni furaha tu.

Sikumdanganya.

Rigobert, kwa mkono wake